Maswali ya Wasomaji: Deizi za Shasta, Kuanzia Mbegu Hadi Kugawa Mashina

Barua nyingi zilizofika katika safu hii zinahusu ua moja, nalo ni deizi ya Shasta, lile ua kubwa jeupe lenye moyo wa manjano, linalosimama juu ya kikonyo kirefu kilichonyooka. Nimezichagua barua ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Nilipozisoma kwa pamoja niliona kwamba wengi wanaoupoteza mmea huu hawaupotezi kwa kuunyima kitu. Wanaupoteza kwa kuuzidishia maji na mbolea, na kwa kuuacha mahali pamoja miaka mingi bila kuugawa. Kwa sababu hiyo majibu kuhusu kugawa na kuhusu udongo yatakuwa marefu kuliko mengine, nami naomba wasomaji wayasome hata kama mimea yao bado ina afya.

Swali: Jirani yangu anasema deizi za Shasta ni magugu yaleyale meupe ya porini yaliyopewa jina la heshima. Je, ni kweli? Ningependa kujua asili yake kabla sijazipanda.

Jibu: Jirani yako ameshika sehemu ya ukweli. Deizi ya porini, ambayo jina lake la kisayansi ni Leucanthemum vulgare, ni mzazi mmojawapo wa deizi ya Shasta, lakini si mzazi pekee, na mtoto ametofautiana sana na wazazi wake. Aliyefanya kazi hiyo ni Luther Burbank, mzalishaji wa mimea aliyekuwa na bustani zake Santa Rosa, katika jimbo la California nchini Marekani. Alianza mwaka 1884 akitafuta ua kubwa, jeupe kabisa, lenye kikonyo imara, litakalochanua kwa muda mrefu na kudumu likikatwa na kuwekwa ndani ya nyumba. Alianza na deizi ya porini kwa sababu ni ngumu na huchanua kwa wingi, akaichavusha kwa chavua ya Leucanthemum maximum yenye maua makubwa zaidi, kisha akaingiza deizi ya Ureno, Leucanthemum lacustre. Hata hivyo weupe aliokuwa akiuona ulikuwa bado haujamridhisha, na kwa maelezo yake mwenyewe aliupata alipoongeza deizi ya Japani ambayo leo inaitwa Nipponanthemum nipponicum. Katika kila kizazi alichagua miche michache iliyokaribia alichokitaka, akaing'oa mingine yote. Ua hilo lilitolewa kwa watu mwaka 1901, baada ya miaka 17 ya kuchagua, likapewa jina la Mlima Shasta ulioko kaskazini mwa California, ambao kilele chake hufunikwa na theluji. Jina lake la kisayansi sasa ni Leucanthemum × superbum, na alama hiyo ya katikati huonyesha kwamba mmea ni chotara.

Ili uzitofautishe bustanini, anza na majani kabla ya kutazama ua. Deizi ya porini ina majani madogo, na yale ya chini yamekatika ukingoni kwa mikato iliyoingia ndani. Deizi ya Shasta ina majani marefu, manene, ya kijani kilichokolea na chenye mng'ao, na ukingo wake una meno madogo tu. Ua la porini mara nyingi halizidi sentimita 5 kwa upana, ilhali la Shasta huanzia hapo na kufika sentimita 10, na katika aina nyingine huzidi. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa deizi ya porini husambaa kwa mbegu nyingi na kwa mashina yanayotambaa chini ya udongo, na katika nchi nyingi ambako si mmea wa asili, zikiwamo Marekani na Australia, inahesabiwa kuwa gugu linalovamia malisho. Mtu akikupa deizi alizozichimba kando ya njia, usizipande kabla ya kuyatazama majani yake.

Swali: Mwaka wa kwanza nilipata maua machache, mwaka wa pili kichaka kilijaa maua hadi watu wakawa wanasimama kuyaangalia, lakini mwaka wa tatu na huu wa nne maua yamekuwa madogo na katikati ya kichaka pamebaki vijiti vikavu. Nimeongeza samadi bila mafanikio. Nimekosea wapi?

Jibu: Hukukosea katika upandaji; kichaka chako kimezeeka kama vinavyozeeka vichaka vyote vya deizi hii, na dawa yake ni kukigawa, wala samadi haiwezi kuchukua nafasi ya kazi hiyo. Deizi ya Shasta huishi miaka mingi ikitunzwa, lakini kila shina moja moja lina maisha mafupi. Shina linalotoa ua likishamaliza kazi yake hufa, na mmea huendelea kuishi kwa vichipukizi vipya vinavyotokea pembeni mwake, chini kidogo ya uso wa udongo. Kila msimu vichipukizi hivyo husogea nje kidogo, vikafuata udongo ambao haujatumika, na kule katikati hubaki mashina ya zamani yaliyogeuka kuwa magumu kama mti, yenye mizizi iliyosongamana na isiyoleta kitu. Ukiweka samadi juu ya sehemu hiyo unailisha sehemu iliyokwisha kufa, na unyevu wa samadi huozesha hata vichipukizi vichache vilivyosalia karibu nayo.

Gawa kichaka kila baada ya miaka miwili au mitatu, bila kusubiri upara wa katikati uonekane. Wakati unaofaa ni pale mmea unapoanza kutoa majani mapya kabla ya matumba, au mara tu baada ya maua kwisha, mradi ziwepo wiki kadhaa za hali ya hewa ya wastani mbele yake ili mizizi ishike. Katika sehemu zenye majira ya baridi kali kazi hii hufanywa mwanzoni mwa majira ya kuchipua, au mwishoni mwa kiangazi. Katika sehemu zenye misimu ya mvua na ukame, mwanzo wa mvua ndio unaofaa zaidi. Usigawe wakati wa jua kali na upepo mkavu, kwa sababu vipande vyenye mizizi michache haviwezi kunywa maji kwa kasi ambayo majani yanayapoteza.

Siku moja kabla ya kazi, mwagilia kichaka vizuri. Asubuhi yake au jioni, kata mashina yote yenye maua yabaki majani ya chini tu, kisha ingiza uma wa kulimia kuzunguka kichaka, umbali wa kiganja kutoka kwenye majani, ukiinua kidogo kidogo hadi donge lote linyanyuke. Likung'ute udongo. Sasa utaona kwa macho yako yale niliyoyaeleza, yaani mzunguko wa vichipukizi vibichi vyenye mizizi myeupe, na ndani yake kitovu cheusi kikavu. Vitenganishe vile vya pembeni kwa mikono, na pale mizizi iliposhikana sana tumia kisu chenye makali, ukihakikisha kila kipande kina vichipukizi vitatu hadi vitano na mizizi yake yenyewe. Kitovu kitupe bila huruma. Wasomaji wengi hukirudisha ardhini kwa kuona ni hasara kukitupa, nacho hukaa pale bila kuchipua huku kikiwa makao ya ukungu na konokono.

Panda vipande mara moja, kabla mizizi haijakauka, kwa umbali wa sentimita 45 hadi 60 baina yake, na kwa kina kilekile vilichokuwa nacho mwanzoni. Ukivizamisha zaidi, moyo wa kichipukizi utaoza. Ukiviacha juu, mizizi itakauka. Kandamiza udongo kwa vidole, mwagilia, na uendelee kumwagilia kila udongo unapoanza kukauka juu, kwa muda wa wiki tatu au nne. Kutokana na kichaka kimoja cha miaka minne utapata mimea ya kutosha kujaza tuta zima na kubakiza ya kuwagawia majirani.

Swali: Deizi zangu zinanyauka mchana ingawa udongo una maji, majani ya chini yamegeuka manjano, na mmoja nilipouvuta uling'oka wote bila mizizi. Niongeze maji au nitie dawa?

Jibu: Tafadhali usiongeze hata tone moja. Mmea unaonyauka ukiwa katika udongo mkavu unadai maji, lakini mmea unaonyauka ukiwa katika udongo uliolowa umepoteza mizizi, na maji zaidi humalizia kile kilichobaki. Huo uliong'oka bila mizizi ulikuwa na uozo wa mizizi na wa shingo ya mmea, ugonjwa unaoletwa na vimelea vya ukungu wa udongoni vinavyostawi pale ambapo nafasi za hewa katika udongo zimejaa maji. Mzizi nao unahitaji hewa. Ukiikosa kwa siku kadhaa hudhoofika, na vimelea huingia kwa urahisi. Ndiyo maana dawa ya ukungu ikimwagwa katika udongo usiopitisha maji haifanyi kazi ya kudumu, kwa kuwa sababu yenyewe haijaondolewa.

Ng'oa mimea iliyooza uichome au uitupe mbali na shimo la mboji. Iliyo mizima ichimbue, kata mizizi yote ya kahawia iliyolainika, na uihamishie mahali pengine. Kabla ya kupanda tena, jaribu udongo wako kwa njia rahisi: chimba shimo lenye kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha ulijaze mara ya pili na utazame. Maji yakiwa bado yamesimama baada ya saa nyingi, hapo si mahali pa deizi ya Shasta hadi pafanyiwe kazi.

Kazi yenyewe ni kuinua tuta sentimita 15 hadi 20 juu ya usawa wa bustani na kuchanganya mboji iliyoiva vizuri katika udongo wote wa tuta, wala si ndani ya shimo la mche peke yake. Shimo lenye udongo laini lililochimbwa katikati ya mfinyanzi mgumu hugeuka bakuli la kukusanyia maji. Wengine hushauri kuongeza mchanga kidogo katika mfinyanzi. Mimi siupendi ushauri huo, kwa sababu mchanga mchache ukichanganyika na mfinyanzi huweza kufanya donge gumu zaidi, ilhali mboji huufungua udongo na kuulisha kwa wakati mmoja. Deizi hii hupendelea udongo ambao pH yake, yaani kipimo cha tindikali, iko kati ya 6.5 na 7.5, hivyo penye udongo wenye tindikali nyingi chokaa ya kilimo husaidia, baada ya udongo kupimwa.

Kuna kosa jingine linaloleta uozo uleule hata katika udongo mzuri, nalo ni matandazo yaliyorundikwa hadi kwenye shingo ya mmea. Matandazo ni mazuri, huhifadhi unyevu na kuzuia magugu, lakini acha nafasi ya vidole vitatu au vinne kuzunguka kila kichaka. Hii ni muhimu zaidi katika kipindi ambacho mmea umepumzika na hali ya hewa ni ya baridi na mvua. Mmea huu huvumilia baridi kali kuliko unavyovumilia baridi yenye maji yaliyotuama.

Swali: Zinahitaji jua kiasi gani? Bustani yangu ina mti mkubwa.

Jibu: Zinahitaji saa sita au zaidi za jua la moja kwa moja kila siku. Kivuli chepesi cha alasiri kinafaa mahali penye joto kali, lakini chini ya mti mkubwa zitarefuka, zitainamia upande wa mwanga na kutoa maua machache, na mizizi ya mti itazishinda kwa maji na chakula. Tafuta mahali pengine.

Swali: Mimea yangu ni mirefu, ya kijani na yenye afya, lakini haichanui. Nimeipanda kutoka kwenye mbegu na ninaitia mbolea kila baada ya wiki mbili. Rafiki yangu aliye nchi ya mbali anapata maua tele bila mbolea yoyote.

Jibu: Barua yako imenifurahisha kwa sababu inagusa mambo matatu ambayo wengi huyachanganya.

La kwanza ni umri. Deizi nyingi za Shasta zilizooteshwa kwa mbegu hutumia mwaka wa kwanza kujenga majani na mizizi, na huchanua kwa ukamilifu mwaka wa pili. Zipo aina zilizochaguliwa ili zichanue mwaka uleule zikisiwa mapema, kama ‘Snow Lady’, ambayo ni fupi, lakini usiidai ‘Alaska’ ifanye hivyo.

La pili ni mbolea. Naitrojeni hukuza majani, na mmea uliojazwa naitrojeni kila wiki mbili hauna haraka ya kuchanua. Tena mashina yake huwa laini, huanguka kwa upepo na huwavutia vidukari. Acha mbolea hiyo kabisa kwa msimu mzima. Mboji ya unene wa sentimita 2 au 3 inayotandazwa mara moja kwa mwaka, mmea unapoanza kuchipua, inatosha katika udongo wa kawaida.

La tatu, na pengine ndilo linalowatofautisha wewe na rafiki yako, ni urefu wa mchana. Deizi ya Shasta imetokana na mimea ya nchi ambazo mchana wa kiangazi hurefuka sana na ambazo zina majira ya baridi. Aina nyingi hupata ishara ya kuchanua kutokana na mchana mrefu, au kutokana na wiki kadhaa za baridi zikifuatwa na mchana mrefu. Karibu na ikweta mchana hukaa kwenye saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mmea unaweza kuendelea kutoa majani tu bila kupata ishara hiyo, hasa katika nyanda za chini zenye joto. Wakulima wa maua ya kuuza hutatua tatizo hili kwa kuwasha taa usiku ili kuurefusha mchana. Katika bustani ya nyumbani, mwenye kuishi eneo la namna hiyo atapata matokeo mazuri zaidi katika nyanda za juu zenye usiku wa baridi, na kwa kuchagua mimea ambayo tayari imechanua katika eneo lake, kisha kuizidisha kwa kuigawa. Ukiwa na taa ya nje inayowaka kwa muda wa saa nne au tano kuanzia jua linapozama, panda vichaka viwili karibu nayo ulinganishe. Ni jaribio lisilo na hasara.

Swali: Naomba maelekezo ya kuotesha mbegu. Pia, je, ninaweza kukusanya mbegu za maua yangu yenye petali nyingi?

Jibu: Jaza trei udongo mwepesi wa kitaluni, ulowanishe, tawanya mbegu juu yake na uzibonyeze kidogo ili ziguse udongo, bila kuzifukia, kwa kuwa mwanga huzisaidia kuota. Katika nyuzijoto 18 hadi 21 za Selsiasi huota ndani ya wiki mbili au tatu. Zinyunyizie maji kwa matone madogo ili zisisombwe. Mche ukiwa na majani manne hadi sita ya kweli uhamishie kwenye kopo lake, uzoeshe jua taratibu kwa wiki moja, ndipo uupeleke bustanini.

Kuhusu mbegu za maua yako mwenyewe, kumbuka yale niliyoyaeleza kuhusu Burbank: mmea huu ni chotara wa jamii kadhaa, na watoto wake hawafanani. Mbegu za ‘Becky’, za ‘Wirral Supreme’ yenye petali nyingi, au za ‘Aglaia’ yenye petali zilizochanikachanika kama shada, hazitakupa mama zao. Huenda ukapata ua zuri, lakini litakuwa ua jingine. Aina hizo huzidishwa kwa kugawa au kwa vipandikizi vinavyochukuliwa kwenye vichipukizi vya chini. Zinazofaa kuoteshwa kwa mbegu ni zile zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, kama ‘Alaska’ na ‘Snow Lady’.

Swali: Mashina yangu huanguka kila mvua inaponyesha. Je, kuna aina isiyoanguka?

Jibu: Ipo, na ninayoipendekeza bila kusita ni ‘Becky’, yenye urefu wa karibu sentimita 90 na mashina magumu, inayovumilia joto na unyevunyevu wa hewa kuliko nyingi. Perennial Plant Association, chama cha Marekani cha mimea ya kudumu, iliichagua kuwa mmea wa mwaka 2003. Ukitaka fupi, ‘Snowcap’ haizidi sana sentimita 40 na haihitaji kuegemezwa. Kwa mimea uliyo nayo sasa, kata ncha za mashina yanapofika sentimita 15 au 20, kabla ya matumba kuonekana. Mmea utatoa matawi, utabaki mfupi na utachelewa kidogo kuchanua. Ukiwa umechelewa kufanya hivyo, zungushia kichaka vijiti na kamba mapema, kwa kuwa shina likishalala hujipinda kuelekea juu na halinyooki tena.

Swali: Nikikata maua kwa ajili ya nyumbani, mmea hauumii? Na kwa nini maji ya chombo hunuka upesi?

Jibu: Hauumii, kukata maua ndiko kunakouchochea utoe mengine. Kile tunachokiita ua moja ni mkusanyiko wa maua madogo mengi: kila petali nyeupe ni ua moja, na ule moyo wa manjano ni maua mengine mengi sana yaliyoshonana, yanayofunguka kuanzia ukingoni kwenda katikati. Ua likiachwa hadi moyo wote ufunguke na kuchavushwa, mmea huelekeza nguvu zake kwenye mbegu na matumba ya pembeni hudumaa. Kwa hiyo yale ambayo huyahitaji nyumbani yakate pia yanaponyauka, na usikate kichwa peke yake ukaacha kijiti kitupu; fuata kikonyo chini hadi kwenye tumba la pembeni au jani zima, ukate juu yake kidogo. Shina ambalo halina tumba tena likate hadi kwenye majani ya chini.

Kwa ajili ya chombo, kata asubuhi mapema, ukichagua maua ambayo petali zake zimefunguka zote lakini moyo bado ni mgumu ukiugusa. Tumba lililokatwa likiwa limefumba mara nyingi halifunguki. Ondoa kila jani litakalokuwa chini ya maji, kwa maana majani yanayooza ndiyo huchafua maji haraka, na bakteria wanaoongezeka humo huziba mirija ya kikonyo. Badilisha maji kila siku mbili ukikata sentimita moja ya mwisho wa kikonyo. Yakitunzwa hivyo hukaa wiki moja hadi siku 10. Maua ya deizi hii yana harufu yake yenyewe isiyopendwa na kila mtu, hata maji yakiwa safi, hivyo ni bora yawekwe penye hewa badala ya mezani pa kulia chakula.

Swali: Vichwa kadhaa vya maua vimetoka vya kijani na vimepindika, ilhali mimea jirani ni mizima. Pia kuna wadudu weusi wadogo kwenye matumba, na asubuhi nakuta majani yametobolewa.

Jibu: Umeeleza matatizo matatu, na moja kati yake halina tiba, kwa hiyo nianze nalo. Ua linalotoka la kijani, lililopindika, na pengine lenye vijani vidogo vinavyochomoza katikati ya moyo wake, ni dalili ya ugonjwa wa fitoplazima, kimelea kidogo sana kinachoishi ndani ya mirija ya mmea na kusambazwa na wadudu wadogo warukao wanaofyonza utomvu wa majani. Kukata sehemu iliyoathirika hakusaidii, kwa sababu kimelea kiko katika mmea mzima. Ung'oe wote leo uuteketeze, kabla wadudu hawajauhamisha kwenda kwa jirani zake, na usiugawe kwa matumaini kwamba kipande kimoja kitapona.

Wadudu weusi kwenye matumba ni vidukari. Waoshe kwa maji yenye nguvu asubuhi, urudie baada ya siku mbili. Wakiendelea, tumia maji yaliyochanganywa na sabuni kidogo isiyo na dawa ya kuondoa mafuta, ukinyunyizia chini ya majani jioni nyuki wakishaondoka. Matundu yanayotokea usiku karibu kila mara ni ya konokono. Toka na taa baada ya giza uwaokote kwa mkono. Kazi hii inachosha lakini inaleta matokeo kuliko unga wowote. Ukiona mistari myeupe iliyojipinda ndani ya jani, hao ni mabuu wanaotafuna ndani yake, nawe uchume majani hayo uyatupe. Madoa ya kahawia na ubwiri unga hupungua mtu akimwagilia udongo badala ya majani, na akiacha nafasi ya upepo kupita kati ya vichaka.

Swali: Ngozi yangu huwasha nikizishika. Nina mtoto mdogo na paka.

Jibu: Deizi ya Shasta iko katika ukoo wa alizeti, Asteraceae, na mimea mingi ya ukoo huo ina kemikali zinazowasababishia baadhi ya watu vipele na muwasho. Vaa glavu na shati la mikono mirefu unapokata na kugawa, na unawe baadaye. Mtoto na paka wasiachwe kutafuna majani. Wakiyala na kutapika, waone daktari au daktari wa mifugo.

Swali: Sina bustani ila baraza lenye jua. Zitaweza kuishi kwenye chungu?

Jibu: Zitaweza, kwa masharti. Chagua aina fupi, chungu chenye upana na kina cha angalau sentimita 30 na matundu ya kutosha chini, na udongo mwepesi uliochanganywa na mboji. Usiweke kisahani kinachobaki na maji. Udongo wa chungu hukauka haraka, kwa hiyo ujaribu kila siku kwa kidole. Ukiwa mkavu hadi fundo la kwanza la kidole, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha uache. Chakula nacho huisha mapema zaidi kuliko ardhini, hivyo mbolea nyepesi yenye naitrojeni kidogo mara moja kwa mwezi wakati wa kukua inafaa, ingawa nimewakataza wenye matuta. Kichaka cha chungu kigawe kila mwaka, au zaidi sana kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa vichipukizi vikifika ukingoni havina pa kwenda. Urudishe kipande kimoja tu chenye nguvu katika udongo mpya, na vilivyobaki viwekee vyungu vingine.

Swali: Baada ya msimu wa maua, nikate kila kitu hadi chini?

Jibu: Kata mashina yote yaliyochanua hadi kwenye kitanda cha majani kilicho chini, lakini majani hayo mabichi yaache, kwa sababu ndiyo yanayolisha vichipukizi vya msimu ujao. Pale penye majira ya baridi kali, majani yakigeuka meusi kwa jalidi yaondolewe ili yasiozee juu ya shingo ya mmea, kisha mmea ufunikwe kwa matandazo makavu mepesi ardhi ikishaganda. Pale pasipo na baridi hiyo, endelea kuondoa majani makavu peke yake, punguza maji bila kuyakata kabisa, na wiki utakayoona vichipukizi vipya vinachomoza pembeni, weka mboji yako ya mwaka ukianzia nje ya kichaka.